Mstari wa Kumi na Moja

Bi Safu alikuwa ameketi kwenye kochi la kaka yake, kabanwa katikati ya wifi yake na mdogo wake, sahani ya matunda mapajani haijaguswa, pale alipokumbuka kwamba hakumbuki.

Kikao kilikuwa cha ukoo mdogo: kaka mtu, mkewe, Bi Safu, mdogo wao wa mwisho ambaye ni mwalimu, na baba yao mwenyewe, mzee aliyestaafu kazi ya kupanga herufi kiwandani kwa mpiga chapa. Ajenda ilikuwa moja tu. Mzee ameanguka mara mbili bafuni, haiwezekani tena kuishi peke yake, je, ahamie kwa nani? Mzee alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mikono juu ya magoti, anasikiliza habari zake zikijadiliwa kama vile ni mzigo uliokwama bandarini.

"Kwangu mimi vyumba ni viwili," mdogo mtu alikuwa anasema, "na watoto ni watatu."

Bi Safu hakusikia lililofuata. Mawazo yake yalikuwa yamerudi wodini, asubuhi ile, saa mbili na nusu, mbele ya kompyuta. Aliiona mikono yake mwenyewe ikinakili safu ya dozi. Aliiona ikibandika. Lakini ilibandika vipi? Hapo ndipo palipokuwa na kiza.

Kazi yake ilikuwa kutunza takwimu za wodi ya watoto. Jina la Bi Safu alibandikwa na manesi, maana kila akifundisha jambo alianza na "tazama safu hii, sasa tazama safu ile". Kila asubuhi ya kazi alichapa orodha ya dawa: jina la mtoto, kitanda, dawa, mililita. Manesi walisukuma kigari cha dawa huku orodha ile imebanwa kwenye ubao, na kila mtoto alipewa kilichoandikwa.

Faili lenyewe lilikuwa na kurasa tatu. Wa kwanza ulikuwa wa uzito. Wa pili ulikuwa wa hesabu: fomula ilichukua uzito wa mtoto kutoka ukurasa wa kwanza, ikauzidisha kwa kiwango cha dawa, ikatoa mililita. Wa tatu ulikuwa wa kuchapa, wenye kichwa cha hospitali na tarehe juu, kwa hiyo majina yalianzia mistari miwili chini zaidi. Na mistari hiyo miwili ndiyo iliyowahi kumtokea puani.

Miezi mitatu nyuma alinakili safu ya mililita akaibandika ukurasa wa tatu hivi hivi, kama mtu anayehamisha kiti. Hakujua kwamba ukinakili seli, kile kisanduku cha jedwali, ikiwa na fomula ndani, hubebi jibu; unabeba maagizo ya kulitafuta jibu. Maagizo yakashuka mistari miwili, na huko kwenye uzito nayo yakaenda kusoma mistari miwili chini. Kila mtoto akapangiwa dozi ya mtoto mwingine. Kichanga wa wiki tatu aliandikiwa dawa ya msichana wa miaka saba. Bahati yao, sista mkuu wa wodi, ambaye wote humwita Jenerali, aliitupia macho orodha akasema, "Hii chupa nzima nimmiminie nani?" na karatasi ikachanwa. Mfamasia ndiye aliyemfundisha baadaye: ukinakili, usibandike kila kitu, chagua kubandika matokeo tu. Namba inabaki namba, fomula inabaki kwao.

Tangu siku hiyo alibandika matokeo tu. Kila siku. Isipokuwa leo hana hakika, kwa sababu leo simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega, na kaka yake alikuwa anamfokea humo ndani kwamba asithubutu kuchelewa.

"Mama, mbona huli?" mzee alimuuliza. Alizoea kumwita bintiye hivyo tangu akiwa mtoto.

"Nakula, baba."

Alitazama saa ya ukutani. Saa sita na dakika hamsini. Orodha ya leo huanza kutumika na dawa za mchana, saa nane kamili.

Akatoka ukumbini kana kwamba anakwenda kunawa, akapiga simu ya wodi. Ilikuwa inatumika. Akasubiri, akapiga tena. Inatumika. Alijua maana yake: mtu hakurudisha mkono wa simu vizuri, kama kawaida, na hakuna atakayegundua mpaka jioni. Simu za manesi wenyewe zilikuwa zimefungiwa kwenye makabati, amri ya Jenerali. Mfamasia alikuwa likizo. Alirudi akaketi, akasimama, akaketi tena. Wifi yake akamsogelea sikioni.

"Una nini wewe? Unakaa kama umekalia sisimizi."

"Kuna kitu sikumbuki kama nilikifanya, wifi."

"Umeacha jiko linawaka?"

"Ingekuwa jiko ningelala usingizi."

Alijaribu kujituliza. Mbona Jenerali yupo? Aligundua mara ile, atagundua na leo. Halafu akakumbuka kwamba mara ile ilikuwa rahisi, tofauti ilikuwa kama mbingu na ardhi. Leo wodini watoto wengi wanakaribiana umri. Mtoto wa kilo nane akipewa dozi ya kilo kumi na mbili, hakuna jicho litakaloshtuka.

"Haya, na wewe sema," kaka yake alimgeukia. "Kila mtu kasema isipokuwa wewe."

Bi Safu aliweka sahani mezani. "Kaka, naomba mnisamehe. Lazima nirudi kazini."

Kaka mtu alivua miwani, jambo alilolifanya tu akikasirika.

"Kazini. Siku uliyoomba ruhusa."

"Inawezekana nimekosea orodha ya dawa. Dawa ni saa nane."

"Inawezekana, au umekosea?"

"Ndiyo hilo sijui."

"Hujui." Alicheka bila furaha. "Mwaka jana mama yake wifi yako alipolazwa, ulikuwa na ripoti. Tulipogawana zamu za kulala kwa baba, ulikuwa na semina. Leo hujui. Sisi wengine hatuna kazi, sivyo?"

Maneno yalimchoma, hasa kwa kuwa hayakuwa ya uongo. Akamtazama baba yake. Mzee alimtazama pia, kwa yale macho aliyokuwa akitazamia herufi za madini ya risasi kule kiwandani, akitafuta iliyokaa kichwa chini.

"Kuna mtoto ndani ya hilo kosa?" mzee aliuliza.

"Watoto ishirini na wawili, baba."

"Basi unangoja nini?"

Akachukua mkoba.

Njia ya kutoka kwa kaka yake mpaka hospitali ni nusu saa kukiwa shwari. Siku ile hakukuwa shwari. Walikuwa wanachimba barabara kupitisha mabomba, na magari yote yalipitishwa upande mmoja, kwa zamu. Pikipiki aliyoikodi ilijipenyeza mpaka ikafika mahali pasipopenyeka, nyuma ya lori la kokoto.

"Tusubiri kidogo, mama," dereva alisema.

"Kidogo ni dakika ngapi?"

"Kidogo tu."

Alishuka, akalipa, akaanza kutembea kando ya mtaro, viatu vyake vya kikao vikizama kwenye udongo uliofukuliwa. Akilini alikuwa anajaribu kujenga upya ile dakika moja ya asubuhi. Alibofya kitufe cha kulia cha kipanya, hilo ana hakika. Menyu ikafunguka. Kaka akasema, "Unanisikia?" Akajibu, "Nakusikia." Halafu? Halafu kwenye kumbukumbu yake orodha inatoka tayari kwenye mashine ya kuchapa, ina joto, anaiweka mezani kwa Jenerali. Katikati hamna kitu. Kila alivyojilazimisha kukumbuka, ndivyo alivyojitungia: mara alijiona anachagua matokeo tu, mara alijiona anabandika hovyo, na picha zote mbili zilikuwa safi kama ukweli. Watu waliokuwa wakipishana naye walimsikia akihesabu peke yake, wakampisha.

Alifika wodini saa saba na dakika arobaini, miguu imejaa udongo hadi kwenye vifundo. Hakwenda kwa Jenerali. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba chake, ambacho kwa kweli kilikuwa kabati la mashuka lililotolewa rafu mbili, akawasha kompyuta. Ikachukua muda wake, kama kawaida. Alisimama mbele yake akiuma ncha ya kidole.

Faili likafunguka. Ukurasa wa tatu. Akabofya seli ya kwanza ya mililita, akainua macho kwenye ule mstari wa juu unaoonyesha kilichomo ndani ya seli. Palikuwa na namba. Namba peke yake, bila ile alama ya sawasawa inayotangulia fomula, bila maagizo yoyote. Akabofya ya pili. Namba. Ya kumi. Namba. Alikuwa amebandika matokeo tu, kama alivyofundishwa. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi yake huku kichwa kikiwa kwa kaka.

Akaketi. Akacheka kidogo peke yake, kisha akafikiria uso wa kaka yake na kicheko kikakata. Ameacha kikao cha baba, ametembea kwenye matope, kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo. Angeweza kurudi sasa hivi. Angerudi na kusema nini?

Ila mwili haukukubali kutulia. Kwa kuwa alikuwa ameshafika, na kwa kuwa asingepata amani vinginevyo, aliweka kurasa mbili ubavu kwa ubavu, wa hesabu kushoto na wa kuchapa kulia, akaanza kulinganisha mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Huko nje alisikia magurudumu ya kigari cha dawa yakianza kulia. Leo wameanza mapema. Wa saba, sawa. Wa nane, wa tisa, wa kumi.

Wa kumi na moja katika orodha, iliyopangwa kwa majina: kitanda cha tisa. Kushoto, mililita tatu nukta mbili. Kulia, nne nukta saba.

Akafumba macho, akafumbua. Namba hazikubadilika. Akaruka kwenye ukurasa wa uzito: kilo sita nukta nne. Asubuhi mwenyewe aliandika tisa nukta nne, hilo alilikumbuka vizuri, kwa sababu alijiambia huyu ni mtoto mnene kwa umri wake.

Hakujiuliza zaidi. Alitoka mbio.

Kigari kilikuwa kitanda cha saba. Nesi mgeni, msichana mwenye mwezi mmoja tu wodini, alikuwa ameinama anamnywesha mtoto, na juu ya kigari sindano za plastiki zisizo na ncha, za dawa ya kunywa, zilikuwa zimepangwa tayari, kila moja na kibandiko chake. Bi Safu alitafuta kibandiko cha kitanda cha tisa, akaitoa sindano ile kwenye mstari, akaishika kifuani.

"Hii hapana," alisema. Pumzi ilikuwa haimtoshi. "Nyingine zote endelea. Hii hapana."

Nesi alimtazama, akatazama miguu yake yenye udongo. Jenerali naye alikuwa ameshatokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Wewe si uko kikaoni?"

"Nilikuwa. Sista, uzito wa kitanda cha tisa umebadilishwa kwenye kompyuta baada ya mimi kuchapa. Nani kabadilisha?"

Nesi mgeni akasema polepole, "Ni mimi. Saa tatu kasorobo hivi. Nilikuwa naangalia kadi yake aliyolazwa nayo alfajiri, nikaona ni sita ila kwenye kompyuta imeandikwa tisa. Mwandiko wenyewe ule wa kupinduka. Nikarekebisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa kwenye simu, dada. Unagombana. Na si ulitufundisha wiki ile, ukibadilisha uzito dozi inajirekebisha yenyewe?"

Ni kweli Bi Safu alifundisha hivyo. Tena alifundisha kwa madaha, akibadilisha namba mbele yao na kuwaonyesha mililita zikibadilika upande wa pili, wakashangilia.

"Inajirekebisha kule kwenye hesabu," alisema. "Huku kwenye orodha nimebandika namba tupu. Hazijui kama kuna kitu kimebadilika. Zitabaki vile vile hata ukifuta uzito wote."

Jenerali alichukua sindano mkononi mwake, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa dawa ya kutuliza degedege. Aliimwaga kwenye sinki, akapima nyingine mwenyewe, tatu nukta mbili, akaenda nayo kitanda cha tisa. Mama wa mtoto, binti aliyevaa fulana ya mumewe, alimwinua mwanawe bila kujua lolote. "Fungua mdomo, baba," alimbembeleza, na mtoto akafungua.

Daktari aliambiwa saa nane na nusu. Aliuliza maswali machache, akaandika. Bi Safu alipomuuliza ile dozi kubwa ingefanya nini, alijibu, "Labda angelala sana. Labda angepumua kwa shida. Sipendi kubahatisha, na wewe usipende." Kisha akamshukuru kwa kurudi, na shukrani ile ikamkaa vibaya, kwa kuwa alijua alirudi kwa sababu nyingine kabisa.

Mtu mwingine angekwenda nyumbani. Bi Safu alirudi kwenye kabati lake la mashuka akashusha jalada la orodha zote zilizochapwa tangu alipoanza kubandika matokeo tu. Kama leo imetokea, imetokea mara ngapi bila yeye kujua? Jenerali alimkuta amezungukwa na karatasi, akavuta kiti, akaanza kumsomea kadi bila kuombwa.

"Mimi nilikuwa nakusifia kwa watu," Jenerali alisema katikati ya kazi. "Nilisema tangu tulipokupata hatujakosea tena."

"Nisamehe, sista."

"Sijasema nimeacha. Soma ya tarehe kumi."

Mpaka saa kumi na moja walikuwa wamepata wanne ambao uzito wao ulirekebishwa baada ya orodha kuchapwa. Watatu walikuwa wametofautiana kwa kitu kidogo kisichohesabika. Wa nne alikuwa mvulana wa mwaka mmoja na nusu, aliyepewa dawa ya kifua pungufu kwa siku mbili nzima, maana orodha ya Jumamosi hutumika mpaka Jumatatu, kisha akaruhusiwa kwenda nyumbani wiki iliyopita. Namba ya simu ya mama yake ilikuwa kwenye kadi. Bi Safu akapiga. Haikupatikana. Akapiga tena akiwa getini, akapiga akiwa njiani, na kila mara sauti ile ile ya mashine ikamjibu kwa adabu.

Alipofika kwa kaka yake jua lilikuwa linakaribia kuzama na kikao kilikuwa kimekwisha zamani. Kaka yake alimfungulia mlango, akatazama viatu.

"Ulikuwa umekosea?"

"Nilikuwa nimekosea. Ila si pale nilipodhani."

Kaka mtu alisogea ampishe. "Mtoto?"

"Mzima."

"Haya. Na sisi tumeamua." Akavaa miwani. "Baba anahamia kwako."

Bi Safu alisimama na kiatu kimoja mkononi. "Mmeamua bila mimi?"

"Ulikuwa na nafasi ya kusema, ukaondoka. Lakini usinitazame hivyo, si mimi. Ni mwenyewe."

Mzee alikuwa bado kwenye kiti chake cha pembeni. "Wewe una kile chumba cha cherehani," alisema. "Na usiku huwa hulali vizuri, nakujua tangu mdogo. Nikianguka utasikia."

Wifi yake akaangua kicheko, mdogo mtu naye akafuata, na hata kaka alishindwa kujizuia. Bi Safu alitaka kukasirika, akakosa nguvu. Akaketi chini kando ya kiti cha baba yake, akala sahani mbili za chakula bila kuinua kichwa. Kati ya tonge na tonge alipiga simu. Haipatikani.

Ilipatikana kesho yake, saa moja asubuhi, akiwa bado hajavaa. Sauti ya mwanamke, na nyuma yake kelele za mtoto anayepiga bati au sufuria.

"Mimi natoka hospitali, wodi ya watoto. Mwanao anaendeleaje?"

"Anakohoa kohoa bado, lakini anacheza. Si unamsikia? Kuna nini?"

Njia yote ya jana alikuwa ameandaa maneno laini ya kusema hapo: marudio ya kawaida, uchunguzi wa ziada. Yalikuwa mdomoni tayari.

"Alipewa dawa pungufu siku mbili," alisema. "Ni kosa langu kwenye orodha. Tunaomba umlete, daktari amsikilize kifua."

Bati liliendelea kupigwa.

"Nije lini?"

"Leo. Nitakungoja mlangoni mwenyewe."

Alifika kazini mapema, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuongeza safu mbili kwenye ukurasa wa kuchapa: moja ya uzito, nyingine ya saa orodha ilipochapwa. Kwa kalamu nene akaandika karatasi akaibandika juu ya kompyuta, kwamba atakayegusa uzito baada ya saa hiyo aje achape upya, hata kama Bi Safu yuko kwenye simu, hata kama anagombana. Nesi mgeni aliisoma, akacheka, kisha akaisoma tena bila kucheka.

Mama wa mvulana alikuja saa nne, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki haionekani. Bi Safu alimpokea mlangoni kama alivyoahidi.

"Wewe ndiye uliyenipigia?"

"Ndiye mimi."

"Na ndiye uliyekosea?"

"Ndiye mimi."

Mwanamke alimkagua kutoka juu mpaka chini, bila haraka. Kisha akafungua mbeleko, akamweka mtoto mikononi mwa Bi Safu ili apate kuitafuta kadi kwenye mkoba. Alikuwa mzito, wa moto, na hakupenda kushikwa na mtu asiyemjua. Alijinyonganyonga akitaka kushuka. Bi Safu akamkaza vizuri, akaelekea naye kwenye mizani.